Sistemu Yasema Gunia 100, Stoo Ina 97: Kutatua Matatizo ya ERP Katika Viwanda Vidogo

Mwongozo huu ni wa viwanda vyenye watu kumi hadi themanini hivi: kinu cha unga Nakuru au Kitale, kiwanda cha chakula cha mifugo Njoro, bekari ya Kisumu, karakana ya madirisha ya chuma Eldoret, kiwanda cha sabuni Kakamega. Mfumo wa ERP, yaani programu moja ya kuendeshea stoo, uzalishaji, mauzo na hesabu, umeshawekwa. Huenda ni ERPNext au Odoo ya bure, huenda ni Business Central au SAP Business One ya kulipia. Miezi mitatu imepita, hesabu hazikubaliani, mhasibu anakesha kila mwisho wa mwezi, na mwenye kiwanda anauliza mali yake inakwenda wapi.

Kabla ya kumpigia simu aliyekuwekea mfumo, fuata gunia moja. Chagua mzigo mmoja tu na uuandame kutoka getini hadi kwenye mizani, stoo, mashine, upakiaji, ankara na malipo. Katika kila kituo andika saa mbili: saa mali ilipohama, na saa ilipoingizwa kwenye mfumo. Programu haioni stoo. Inaona kilichoandikwa tu, na pale pengo kati ya saa hizo mbili linapozidi saa chache ndipo matatizo mengi ya hapa chini yanapozaliwa. Zoezi hili halimalizi siku mbili, na mara nyingi linakuonyesha mahali pa kuanzia bila kugusa mipangilio yoyote ya programu.

## Hesabu ya stoo haifanani na ya skrini

Dalili: mfumo unaonyesha mahindi magunia 100 ya kilo 90, yaani kilo 9,000. Mkihesabu mnapata magunia 97 na kipande cha kilo 63. Meneja anamwita mtunza stoo.

Asimwite bado. Pima unyevu kwanza. Mahindi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu yanayoingia kuanzia Oktoba, wakati mvua haijaisha vizuri, mara nyingi huja yakiwa na unyevu uliopita asilimia 13.5 inayofaa kuhifadhiwa. Yakikaushwa, maji hutoka na kilo huenda nayo. Hesabu yake ni hii: uzito wa mwanzo mara (100 kutoa unyevu wa mwanzo), gawanya kwa (100 kutoa unyevu wa mwisho). Mzigo wa kilo 9,000 ulioingia na asilimia 15 na kukaushwa hadi 13 ni 9,000 × 85 ÷ 87, sawa na kilo 8,793. Kilo 207 zimekauka. Ndiyo magunia 97 na kilo 63 kamili. Watunza stoo wamepoteza kazi kwa sababu ya mvuke, na hiyo ni dhuluma inayozuilika kwa kikokotoo cha simu.

Dawa si kurekebisha stoki kila mwezi kwa kuandika "upungufu". Tengeneza hatua ya ukaushaji ndani ya mfumo kama uzalishaji wa kawaida: mahindi mabichi kilo 9,000 yanaingia, mahindi makavu kilo 8,793 yanatoka, na gharama yote inahamia kwenye makavu. Ikiwa uliyanunua kwa shilingi 4,000 kwa gunia, kilo iliyokuwa shilingi 44.44 sasa ni 45.49. Shilingi hiyo moja na senti tano ndiyo gharama yako halisi ya unyevu, na bila hatua hii hutaiona popote. Bei ya kuuzia unga itakuwa imejengwa juu ya mahindi ambayo huna.

Angalia pia karani wa mizani anavyokata. Wengine hupima kilo 9,000, wakakata unyevu kwa mkono, wakamlipa broka kwa kilo 8,800, huku mfumo ukipokea 9,000. Hapo risiti ya kupokea mali na ankara ya mletaji haziwezi kupatana milele. Amueni njia moja. Iliyo salama zaidi ni kupokea kilo kama mizani ilivyosoma, kuandika unyevu kwenye sehemu yake, na kuacha punguzo lionekane kwenye bei, si kwenye kilo.

Kisha kuna gunia lenyewe. Gunia la katani lina uzito wa karibu kilo moja; magunia mia ni karibu kilo mia. Kama mizani ya kuingilia inapima na gunia na ya stoo inapima bila gunia, umejitengenezea upungufu mwingine wa kudumu.

Baada ya unyevu, gunia tupu na vipimo (sehemu inayofuata), pengo likibaki na likajirudia kwa bidhaa ileile na zamu ileile, hapo sasa chunguza wizi.

Ukaguzi wa kila wiki ndio unaokamata haya mapema. Usingoje hesabu ya mwisho wa mwaka. Chukua bidhaa ishirini zinazobeba thamani kubwa zaidi, zihesabu kila Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi kabla zamu haijaanza, na anayehesabu asionyeshwe namba ya mfumo. Kwa vitu vya kumwagika kama mahindi na soya, kubali tofauti ya asilimia moja. Kwa vilivyopakiwa, usikubali hata kimoja. Zikipatana chini ya 19 kati ya 20, mapendekezo ya ununuzi yanayotolewa na mfumo usiyafuate bado.

## Namba ni kubwa mno, au ndogo mno, tena kwa kiasi kilekile

Tofauti ikiwa ni mara mbili kamili, mara 12 au mara 24, usitafute mwizi. Tafuta kipimo. Katika vinu vyetu bela moja ya unga ni paketi 12 za kilo mbili, sawa na kilo 24. Mauzo huandika bela, mashine ya kupakia huhesabu paketi, na kinu huhesabu kilo. Mtu akiingiza 272 akidhani ni bela huku sehemu ile ikisoma paketi, unga wa kilo 6,528 unakuwa wa kilo 544.

Bekari huangukia kwenye hamira. Katoni ni paketi 20 za gramu 500, sawa na kilo 10. Aliyesajili bidhaa akiandika "katoni 1 = 20" huku kipimo cha msingi kikiwa kilo, stoki itaonyesha hamira maradufu na mfumo hautaagiza nyingine hadi siku mikate itakapokosa kuumuka.

Debe ni mtego wa peke yake. Pumba zikiuzwa getini kwa debe, debe la pumba halina uzito wa debe la mahindi, wala debe la soya. Mifumo mingi ina jedwali la vipimo la jumla na jingine la kila bidhaa. Debe na gorogoro ziwekwe kwenye la kila bidhaa, baada ya kupima madebe kumi kwenye mizani na kuchukua wastani.

Chagua kipimo kimoja cha msingi kwa kila bidhaa kabla ya muamala wa kwanza, kile kidogo ambacho bado unakipima kweli: kilo kwa nafaka, paketi kwa unga uliopakiwa, bomba kwa chuma. Programu nyingi hazikubali kubadilisha kipimo cha msingi bidhaa ikishatumika. Ukigundua kosa baadaye, fungua bidhaa mpya yenye namba mpya, hamisha stoki, kisha ifunge ile ya zamani. Usiifute.

## Stoki imeingia chini ya sifuri

Lori la soya limefika Ijumaa saa kumi na moja jioni. Vijana wamepakua, dereva amepewa karatasi yenye muhuri, nakala imechomekwa kwenye msumari ukutani. Karani ameondoka. Jumamosi mashine inachanganya chakula cha kuku kwa kutumia soya hiyo, na uzalishaji unaandikwa. Karatasi ya msumarini inaingizwa Jumatatu mchana. Kwa siku mbili mfumo umetumia soya ambayo kwake haipo.

Watu huona alama nyekundu ya kutoa, wakasubiri irudi juu ya sifuri, wakafikiri imepona. Madhara yamebaki kwenye gharama. Hesabu hii inaonyesha vipi: stoki ni kutoa kilo 200 kwa shilingi 80, kisha unapokea kilo 1,000 kwa shilingi 95. Kiasi ni kilo 800, thamani ni 95,000 kutoa 16,000, yaani 79,000. Wastani unakuwa shilingi 98.75 kwa kilo, bei ambayo hukuwahi kumlipa mtu yeyote. Mifumo mingine hujirekebisha hapa, mingine hubeba kosa hilo hadi kwenye kila gunia la chakula linalofuata. Ukiona gharama ya malighafi imepita bei ya juu kabisa uliyowahi kununulia, tafuta siku ambayo stoki ilikuwa hasi.

Wengi hukimbilia kuwasha kizuizi cha stoki hasi siku hiyohiyo. Msifanye hivyo kwanza. Kizuizi kikiwashwa wakati upokeaji bado unachelewa, lori la mteja litakwama upakiaji, kelele zitapigwa, na mtu mwenye mamlaka ataanza kugawa nywila yake. Mpangilio unaofaa ni huu:

1. Wekeni skrini au simu palepale kwenye mizani, na sheria kwamba dereva hapewi karatasi yenye muhuri kabla risiti ya mfumo haijatoka.
2. Baada ya wiki mbili, angalieni ripoti ya stoki hasi. Ikiwa bado kuna bidhaa zaidi ya mbili au tatu, tatizo limebaki kwenye zamu ya usiku au ya wikendi.
3. Ripoti ikikaa tupu kwa wiki nzima, washeni kizuizi.
4. Zuieni pia kuandika tarehe ya nyuma kupita siku moja, isipokuwa kwa mhasibu mkuu.

## Gharama ya bidhaa haiaminiki

Hapa ndipo wenye viwanda hukata tamaa, kwa hiyo tukae kidogo.

Chanzo cha kwanza ni fomula, ile ambayo programu nyingi huiita BOM. Mara nyingi iliandikwa ofisini kutokana na kumbukumbu ya mtu. Ikiwa fomula inasema kilo 100 za mahindi makavu hutoa kilo 78 za unga na mashine yako hutoa 75, kwa mzigo wetu wa kilo 8,793 mfumo utatarajia bela 11 ambazo hazitaonekana kamwe. Pimeni mzigo kamili mara tano, katika siku tofauti na zamu tofauti, na muandike mahindi yaliyoingia, takataka za chekeche, unga, pumba, na vumbi lililofagiwa. Wastani wa hizo tano ndio fomula. Rudieni vipimo mkibadilisha roli za kusagia au chekeche, na msimu wa mahindi unapobadilika.

Chanzo cha pili ni pumba. Katika mzigo huo wa shilingi 400,000, tuseme unga ni bela 272. Kama pumba haziko kwenye fomula, mahindi pekee yanaifanya bela iwe shilingi 1,471. Ukiziweka pumba kama zao la pili, kilo 2,000 kwa shilingi 20, unaondoa 40,000 na bela inashuka hadi shilingi 1,324. Tofauti ni shilingi 147 kwa bela moja, na kwenye biashara ya unga watu hupoteza wateja kwa tofauti ndogo kuliko hiyo. Tena pumba zisizosajiliwa ni mali isiyo na mwenyewe: zinaweza kutoka getini bila kuacha alama.

Karakana ya chuma ina ugonjwa wake. Bomba la mraba ni mita 6. Dirisha linahitaji vipande vya mita 1.6. Fomula inasema vipande 15 ni mita 24, na mita 24 ni mabomba manne. Fundi anajua ukweli: bomba moja linatoa vipande vitatu na kubakisha mita 1.2, kwa hiyo ametumia matano. Mfumo unamshuku kwa bomba zima ambalo limelala pembeni likiwa vipande vitano. Andikeni fomula kwa mabomba, si kwa mita, na kila kipande kinachobaki chenye urefu wa kuanzia mita moja kirudishwe stoo kikiwa na namba yake ya bidhaa na bei iliyopunguzwa. Vifupi kuliko hapo viingie kwenye chuma chakavu kwa kilo.

Mwisho, stima na vibarua. Usijaribu kugawa kila shilingi mwezi wa kwanza. Chukua bili za stima na malipo ya vibarua ya miezi mitatu, gawanya kwa saa ambazo mashine zilifanya kazi, na uweke kiwango kimoja cha gharama kwa saa. Kirekebishe kila robo mwaka. Kiwango kimoja kisicho kamili kinachotumika kila siku kina faida kuliko viwango kumi na vitano ambavyo hakuna anayevijaza.

Kukata malighafi kiotomatiki pale uzalishaji unapokamilika kunafaa viwanda vidogo, kwa sababu kunampunguzia msimamizi maandishi. Lakini kunaiamini fomula kabisa. Anzeni nako baada ya vile vipimo vitano, si kabla.

## Watu wamerudi kwenye kaunta buku

Mfumo upo, lakini pembeni ya kibodi pana kaunta buku lililojaa hadi ukurasa wa mwisho, na data inaingizwa jioni kwa mkupuo. Usilinyang'anye. Lifungue usome vichwa vya safu.

Kwenye meza ya mizani utakuta kitu kama hiki, kimepigwa mstari kwa rula: tarehe, namba ya lori, broka, magunia, kilo jumla, kilo za magunia tupu, unyevu, kilo safi, sahihi. Sasa fungua skrini ya kupokea mali. Ina sehemu zaidi ya kumi na nne, kati ya hizo kuna sarafu, masharti ya malipo na idara, lakini hakuna unyevu wala uzito wa gunia tupu. Karani hakukataa mfumo. Mfumo haukumpa mahali pa kuandika anachotakiwa kukijua. Kitabu hicho ndicho maelezo bora ya kazi utakayopata, na ni bure.

Kwa kila safu ya kitabu, chagueni: iwe sehemu kwenye skrini, ikokotolewe na mfumo, au iachwe kwa makubaliano ya wote. Halafu ficheni zingine. Skrini ya kupokea mahindi inatosha kuwa na sehemu sita: mletaji, namba ya lori, bidhaa, kilo, unyevu, namba ya LPO (oda ya ununuzi). Majina ya sehemu yaandikwe kwa maneno yanayosemwa kazini. Odoo na ERPNext zote zinaruhusu kutafsiri lebo bila kugusa programu yenyewe.

Mafunzo yafanyike mezani pa mtu, na lori lake la kweli likiwa kwenye mizani. Siku mbili za kutazama ukuta kwenye chumba cha mkutano hazimsaidii anayeingia zamu saa moja usiku. Na zamu ya usiku ifundishwe usiku.

Kila mtu awe na jina lake la kuingilia. Nywila moja iliyobandikwa kwenye kioo cha kompyuta inaonekana kuokoa muda, lakini kosa likitokea huwezi kumsaidia aliyelifanya kwa sababu humjui, na wote wanaanza kushukiana.

Kuendesha kitabu na mfumo pamoja kuwe na mwisho unaojulikana: hadi kufunga hesabu za mwezi mmoja kamili, si zaidi. Baada ya hapo kitabu kiende kabatini, na badala yake pawe na fomu za dharura zenye namba mfululizo, za kutumia stima ikipotea. Stima ikirudi, fomu huingizwa kwa kufuata namba, na namba iliyoruka huulizwa siku hiyohiyo.

## Pesa za M-Pesa haziendani na ankara

Mteja amelipa 48,000, taarifa ya Safaricom inazionyesha, lakini deni lake kwenye mfumo bado lipo. Sababu ya kawaida ni kwamba mnatumia namba ya Till. Till haina mahali pa mteja kuandika namba ya akaunti; unabaki na jina, kiasi na msimbo wa muamala. Kwa kiwanda kinachouza kwa mkopo, Paybill inafaa zaidi. Mpe kila mteja namba fupi, kwa mfano K147, ichapishwe kwenye ankara, na iwe ndiyo namba ya akaunti anapolipa.

Msimbo wa muamala uwekwe kwenye sehemu isiyokubali kurudiwa. Hapo ujumbe uleule hauwezi kutumiwa na madereva wawili kuchukulia mzigo. Na mzigo usitoke kwa kutazama ujumbe kwenye simu ya mteja. Tazama taarifa yako mwenyewe.

Kama mmeunganisha mfumo na M-Pesa kupitia Daraja, njia ya Safaricom ya kuunganisha programu, kumbukeni kwamba taarifa ya malipo hutumwa kwenye seva yenu wakati huohuo. Seva ikiwa imezimika au intaneti imekatika, inaweza isifike. Kila jioni pakueni taarifa ya siku na mlinganishe kwa msimbo wa muamala. Ada za muamala ziandikwe peke yake: ingizeni kiasi kamili alicholipa mteja, kisha ada kama gharama. Ukiingiza kilichobaki baada ya ada, kila mteja atabaki na deni la shilingi chache lisiloisha.

## Ankara zimekwama eTIMS, au VAT haikubaliani

eTIMS ni mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi. Ankara iliyotoka bila namba ya KRA na mchoro wa QR haimsaidii mnunuzi. Kagua PIN kwanza: ni herufi moja, tarakimu tisa, herufi moja, jumla kumi na moja, ya kampuni huanza na P, ya mtu binafsi na A. Wekeni kanuni kwenye mfumo ikatae kitu kingine chochote, kwa sababu herufi O iliyowekwa mahali pa sifuri haionekani kwa macho.

Kagua kundi la kodi la bidhaa. Bidhaa yenye kiwango cha sifuri na ile iliyosamehewa VAT zote zinaonyesha kodi shilingi 0, na hapo ndipo watu huzichanganya. Kwa ya kiwango cha sifuri unaweza kudai VAT uliyolipa kwenye pembejeo. Kwa iliyosamehewa huwezi. Karani anayesajili bidhaa mpya haraka huacha asilimia 16 iliyojijaza yenyewe. Kazi ya kuchagua kundi apewe mhasibu peke yake, na bidhaa isiuzwe kabla hajaithibitisha.

Ankara iliyokosewa haifutwi. Hutolewa noti ya kupunguza inayotaja namba ya ankara ya kwanza, kisha ankara mpya. Mkiona mauzo ya eTIMS yamezidi ya kitabu, tafuteni mtu anayeingiza ankara mara mbili, mara moja kwenye ERP na mara nyingine kwenye tovuti ya KRA "ili awe na uhakika".

Upande wa ununuzi ni muhimu vilevile. Tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki kupunguza faida inayotozwa kodi, ukiacha zile zilizosamehewa kisheria. Ifanyeni namba ya eTIMS ya mletaji iwe sehemu ya lazima kabla ya malipo. Kwa wakulima wadogo, KRA ina utaratibu wa mnunuzi kuanzisha ankara yeye mwenyewe. Uingizeni kwenye hatua ya kupokea mahindi, usisubiri tarehe 18 wakati ripoti ya VAT inatakiwa tarehe 20.

Anayewaunganishia aulizwe swali moja: kati ya njia mbili za kuunganisha mfumo na eTIMS, anatumia OSCU au VSCU? Ya kwanza inategemea mtandao muda wote. Ya pili inafaa panapotoka ankara nyingi na mtandao unaoyumba.

## Mfumo unasema nunua kitu kilichojaa

Karibu kila mara ni oda za zamani ambazo hazikufungwa. LPO ya roli 40 za kupakia iliyoletwa roli 38 bado inasubiri mbili. Oda ya mteja aliyeghairi mwezi wa Machi bado inadai bela zake. Fungeni kila oda iliyopita siku 30 bila harakati, kisha mwendeshe upya mapendekezo.

Kiwango cha kuagizia kisikisiwe. Mkitumia roli 3 za kupakia kwa siku, mzigo ukachukua siku 14 kutoka Nairobi, na mkataka akiba ya siku 5, kiwango ni 3 × 19, yaani roli 57.

## Stima, radi na saa iliyorudi nyuma

Miamala imeangukia mwezi mwingine? Angalia saa ya kompyuta. Betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mkuu ikifa, kompyuta ikizimika husahau tarehe. Badilisha betri, na uwashe ulinganishaji wa saa kupitia intaneti.

"Sistemu iko chini" wakati taa za kompyuta zinawaka: fuata waya wa ruta na kisanduku cha faiba. Mara nyingi kompyuta ziko kwenye UPS (betri ya akiba) na hivyo viwili viko kwenye soketi ya ukuta. Viunganisheni vyote kwenye UPS, na muwe na laini ya simu ya akiba ndani ya ruta.

Kisumu na Kakamega radi za alasiri huua vifaa kupitia waya wa mtandao uliopita nje kati ya ofisi na stoo. Kati ya majengo tumieni faiba, haipitishi umeme. Kwenye kinu, kompyuta isiyo na feni hudumu zaidi, kwa kuwa unga huziba feni. Na lebo zinazochapishwa kwa joto bila utepe hufifia zikipigwa na jua. Magunia ya kukaa miezi yanahitaji printa ya utepe.

## Aliyetuwekea hapatikani

Ombeni vitu vinne, leo, mkiwa bado mnapatana: nywila ya msimamizi mkuu, nakala kamili ya data, msimbo wa programu wa kila kipande alichowaandikia, na umiliki wa anwani ya mtandao kwa jina la kampuni. Kwa Odoo kumbukeni kwamba kila toleo kubwa huhudumiwa kwa miaka mitatu, na vipande vilivyoandikwa maalumu ndivyo vinavyovunjika wakati wa kupandisha toleo. Kila kimoja kiwe na karatasi inayoeleza kinafanya nini na kwa nini kilihitajika.

Nakala za data ziwe tatu, mahali pawili, moja nje ya kiwanda. Mara moja kwa mwezi irudisheni nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine, fungueni ankara ya jana, na mlinganishe stoki ya mahindi na ile ya mfumo unaotumika. Ikifunguka na kilo zikalingana, andikeni tarehe na jina la aliyejaribu kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati la seva.